Namba ya kidoleni ikishuka ghafla, fuata oksijeni stesheni kwa stesheni

Baba yangu alikuwa mtu wa reli pale Tabora. Behewa la mzigo likichelewa kufika Kigoma, hakuanza kwa kubishana na mwenye mzigo. Alipiga simu stesheni moja baada ya nyingine, kuanzia lilikotoka, akiuliza, "Limepita?" Pale alipojibiwa "bado", alijua limekwama kati ya hapo na stesheni iliyotangulia. Mimi sikurithi kofia yake. Nilisomea uuguzi, kisha usingizi, na sasa ni zaidi ya miaka ishirini nakaa kichwani pa wagonjwa katika vyumba vya upasuaji vya mkoa wa Kigoma. Lakini oksijeni ikipotea kifua kikiwa wazi, naitafuta kama baba alivyotafuta mabehewa.

Haya nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kukalia kiti cha usingizi katika hospitali za wilaya, ambako kifua hufunguliwa mara chache na mikono husahau. Mgonjwa wetu aliyeharibiwa vali na homa ya rumatiki tunamwandikia rufaa, anapanda treni au basi, na wengi huishia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam. Yanayobaki mikononi mwetu ni usaha kifuani, kifua kilichochomwa kisu, mfuko wa moyo uliojaa maji ya kifua kikuu, na mtoto mwenye tundu moyoni aliyeletwa kwa ajili ya ngiri. Mashine ya moyo na mapafu, ile inayosukuma damu na kuipa oksijeni moyo ukiwa umesimamishwa, niliiona nilipokwenda kujifunza nje ya mkoa. Nitaigusa, maana kuna mambo mawili ya kule yananisaidia hata huku. Na mkiwa na mwongozo wenu ukutani, huo uko juu ya maneno yangu.

Kabla ya kisu

Mpime mgonjwa oksijeni ya damu kwa kibanio cha kidoleni, akiwa anavuta hewa ya kawaida, kabla hajawekewa oksijeni yoyote. Iandike namba hiyo kwenye plasta na uibandike kwenye mashine yako. Ukishamvisha barakoa ya oksijeni, ushahidi umefunikwa. Thamani ya plasta hiyo nilifundishwa na mzee mmoja ambaye nitamfikia huko mbele.

Muulize dawa zote anazomeza, hata za ukoma, hata za malaria, hata alizogawiwa na jirani. Futa rangi ya kucha. Bi harusi wa Ujiji aliyepakwa piko hadi kwenye kucha, mtafutie sehemu nyingine mapema, ndewe ya sikio au kidole cha mguu, usingoje namba ikuchezee kazi ikiwa imepamba moto.

Halafu wingi wa damu. Gramu moja ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, hubeba kiasi cha mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 6 katika kila desilita ya damu anaweza kukuonyesha asilimia 98 safi kabisa huku akibeba chini ya nusu ya mzigo wa mwenye gramu 14. Mabehewa yote yamejaa, ila yenyewe ni machache. Na huyo usimsubiri abadilike midomo kuwa ya bluu, kwa sababu bluu hiyo huhitaji kama gramu 5 za hemoglobini isiyo na oksijeni katika kila desilita ya damu. Mtu wa gramu 6 atakuwa ameshafariki kabla ya kufika huko. Kwa watoto wetu wa malaria hili si jambo la kitabuni.

Mwisho, weka ambu bagi, mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, karibu na mkono wako, pamoja na mtungi wake wa oksijeni ambao haujaunganishwa na kitu kingine. Mpe mgonjwa oksijeni tupu kwa dakika 3 kabla ya kumlaza usingizi. Akiba hiyo ndiyo itakayokupa muda wa kufikiri.

Pumzi chache za kwanza

Namba ilikuwa 98, sasa 94, sasa 91. Sema kwa sauti: "Daktari, oksijeni inashuka, naomba usimame." Najua inavyokuwa. Kijana anaona haya, anahangaika kimyakimya na nyaya akitumaini namba itarudi kabla daktari hajaona. Mimi nimemaliza haya zangu zamani. Mara nyingi mkono wa daktari wenyewe ndio umekandamiza pafu au moyo, na akiutoa tu, mambo yanarudi.

Fungua oksijeni hadi mwisho, toa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia, ushike bagi mwenyewe. Bagi ikiwa ngumu, kuna kilichoziba: tyubu, ule mpira wa kupumulia ulioingia kooni, imekunjwa, makohozi, njia za hewa zimebana, au hewa imejaa nje ya pafu na kulikandamiza. Ikiwa laini mno, kuna panapovuja au pameachana. Tazama kifua kama kinapanda pande zote mbili, sikiliza chini ya makwapa yote mawili, na kama mnacho kipimo cha hewa chafu inayotoka, kitazame kabla ya kitu kingine chochote. Mstari wake ukiwa umelala chini, ama tyubu haiko mahali pake, ama njia imeachana, ama moyo umesimama.

Usianze kwa kulaumu kidole. Ninarudia kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kila mwaka: namba inashuka, mtu anachomoa kibanio, anakipuliza, anakihamishia kidole kingine, anakihamisha tena, na dakika 2 zimekwenda. Wakati huo mgonjwa anateremka mlima usio sawa. Kutoka 98 hadi 90 ni mteremko wa polepole. Hapo kwenye 90 mgandamizo wa oksijeni katika damu ni kama milimita 60 za zebaki, na chini ya hapo ni korongo. Chukulia namba ni ya kweli mpaka uthibitishe vingine. Na tafadhali msizime ule mlio wa monita. Mjapani Takuo Aoyagi na wenzake walituachia tangu 1974 wazo la kusoma oksijeni kwa mwanga unaopita mwilini, na waliotengeneza mashine baadaye wakaongeza mlio unaozama kadiri namba inavyoshuka. Sikio langu hujua kabla ya macho.

Njia yenyewe

Anza inakotoka. Mtungi una kitu? Geji inasema nini, na ulipougonga kwa kifundo cha kidole umeitika kama mtupu? Kama mnatumia konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, kumbuka haitoi oksijeni tupu hata ikiwa nzima. Hutoa kama asilimia 93, na chujio likijaa vumbi au ukiifungulia kupita uwezo wake inapungua bila kukuaga. Umeme ukikatika inanyamaza, na jenereta huchukua muda kuamka. Hapa ndipo ambu na mtungi wa peke yake vinapolipa: mtoe mgonjwa kwenye mashine yote, mpumulishe kwa ambu. Namba ikipanda, ugonjwa uko kwenye mashine yako na si kwa mgonjwa. Jaribio hilo halizidi nusu dakika, na limenisaidia kuliko kitabu chochote.

Namba isipopanda, songa mbele hadi kwenye tyubu. Imekunjwa? Imeng'atwa? Kile kiputo chake kinachojazwa hewa kimepasuka? Tazama alama kwenye meno: kwa tyubu ya kawaida, mwanamke mzima huwa karibu na sentimita 21, mwanamume 23. Mgonjwa aliyegeuzwa ubavu mmoja aangaliwe upya hata kama uliangalia dakika 5 zilizopita, kwa sababu kichwa kikiinama tyubu inaingia ndani, na kikiinuka inatoka. Pitisha mrija wa kunyonya makohozi. Usipopita, umeshapata jibu.

Sasa tunafika Tabora. Treni ya kutoka Dar ikifika pale, njia inagawanyika, moja inakuja kwetu Kigoma na nyingine inakwenda Mwanza. Kifuani nako kuna njia panda. Tawi la kulia ni pana na limenyooka zaidi, ndiyo maana tyubu iliyosukumwa mno huishia kulia na pafu la kushoto likabaki halina hewa. Rudisha tyubu nyuma kidogo kidogo huku ukisikiliza kushoto.

Kwenye hospitali kubwa zinazopasua mapafu hutumia tyubu yenye njia mbili, ili pafu linalopasuliwa lilazwe na lingine liendelee kupumua. Mara nyingi huchagua ya kushoto, kwa sababu upande wa kulia lile tawi la juu linachomoka mapema, kama sentimita 2 tu baada ya njia panda, na ni rahisi kuliziba. Pafu moja likilazwa, damu haiachi kulipitia. Inapita, inatoka kama ilivyoingia, na kwenda kuchanganyika na ile iliyopata oksijeni. Mungu ameuwekea mwili ujanja: mishipa ya pafu lisilo na hewa hujibana yenyewe, damu ikaelekea upande wenye faida. Lakini dawa za usingizi za mvuke zikizidi huulegeza ujanja huo, na dawa za kutanua mishipa vilevile. Utaona pia namba inashuka zaidi pafu la kulia likilazwa, kwa kuwa ndilo kubwa na hupokea zaidi ya nusu ya damu.

Namba ikishuka katika hali hiyo, wataalamu wale nilikuta wanafanya hivi. Oksijeni asilimia 100. Wanachungulia na kamera nyembamba kama tyubu bado iko mahali pake, maana mara nyingi imehama. Wananyonya makohozi. Wanalipanua pafu linalopumua kwa pumzi ndefu, kisha wanaliachia mgandamizo mdogo wa sentimita 5 za maji lisijikunje mwisho wa pumzi. Ikishindikana, wanapitisha oksijeni ya mgandamizo mdogo kwenye pafu lililolazwa pia, daktari avumilie likivimba kidogo. Bado? Wanapumulisha yote mawili kwa muda, kisha kazi inaendelea. Kama pafu lenyewe litaondolewa, daktari akiufunga mshipa unaolipelekea damu, upotevu unakoma hapo hapo. Lakini namba ikiwa inaanguka kama jiwe, ruka hatua zote na urudi kwenye mapafu mawili mara moja.

Sisi wa wilayani kwa kawaida hatuna tyubu hiyo. Tunatumia ya kawaida, mapafu yote yanapumua, na daktari analisogeza pafu kwa kitambaa kilicholowa. Hatari yetu kubwa ni usaha. Mgonjwa mwenye usaha kifuani uliotoboa hadi kwenye njia ya hewa, ukimlaza upande mzima ukiwa chini, usaha unamiminika kwenye pafu zuri. Mrija wa kutolea usaha uwekwe kwanza, akiwa macho, ikiwezekana akiwa ameketi. Na mrija wa kifuani usibanwe wakati unampumulisha kwa bagi. Nimeona ukibanwa "kidogo tu, tumhamishe kitanda", hewa ikajaa kifuani na kuusukuma moyo pembeni.

Kituo kinachofuata ni moyo. Kwa kama mtu mzima mmoja kati ya wanne, kile kidirisha cha utotoni kati ya vyumba vya juu vya moyo hakikufungika kabisa. Siku zote hana shida. Ukimpandishia mgandamizo kifuani ili kumsaidia, upande wa kulia unazidi nguvu, damu isiyo na oksijeni inavuka kwenda kushoto, na namba inazidi kushuka kwa juhudi zako mwenyewe. Kwa hiyo ukiongeza mgandamizo na mambo yakaharibika, upunguze. Mtoto mwenye kasoro ya moyo anayebadilika kuwa bluu kwa ghafla, yule ambaye mama anasema huchuchumaa akichoka, mkunje magoti yafike kifuani, mpe oksijeni na maji ya mshipani, umtulize, na umwite mkubwa wako. Magoti yale yanabana mishipa ya miguu na kulazimisha damu zaidi ipitie mapafuni.

Nilipokuwa najifunza nje, nilikaa siku kadhaa nyuma ya mtu wa mashine ya moyo na mapafu, ile ambayo John Gibbon wa Philadelphia aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza Mei 1953. Mashine ikichukua kazi, damu haina mapigo tena na kibanio cha kidoleni hakisemi chochote. Yule bwana alinionyesha anachotazama: mipira miwili. Mmoja unaleta damu nyeusi kutoka kwa mgonjwa, mwingine unarudisha iliyong'aa. Ikifanana, yote miwili nyeusi, chombo cha kuipa damu oksijeni hakifanyi kazi. Nikadhani atasema anabadilisha chombo. Akacheka. "Kwanza naangalia mpira wa gesi, mzee. Nauvuta kwa mkono, kama umechomoka. Halafu naangalia ukutani." Mtungi, bomba, kiungo. Ni njia ile ile ya baba. Vikiwa sawa vyote ndipo anapomshuku chombo chenyewe, kama kimeganda damu kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, isiyotosha, na hapo wanampoza mgonjwa mwili utumie oksijeni kidogo huku cha akiba kikiandaliwa. Kama moyo bado unadunda, wanaurudishia kazi yake na kupumulisha mapafu. Kubadilisha chombo hicho hufanyiwa mazoezi kama ya zimamoto.

La pili nililotoka nalo ni aibu yangu. Mwisho wa upasuaji mmoja, moyo umerudi, mashine inapunguzwa, namba inazaliwa tena kwenye monita: 85, 80, 74. Nilikuwa nimekaa jirani na mashine ya kupumulia. Ilikuwa imezimwa tangu moyo uliposimamishwa, na hakuna aliyeiwasha. Ilikuwa zamu yangu kuikumbusha. Tangu siku hiyo, hata kwa ngiri ya dakika 20, kila nikizima kitu naweka mkono wangu juu ya swichi mpaka nikiwashe.

Damu ya rangi ya ukwaju

Sasa yule mzee. Alikuja na usaha kifuani, tumekubaliana na daktari kufungua na kusafisha. Nilimkuta mezani tayari ana barakoa ya oksijeni, namba 89. Nikasema ni pafu hilo bovu. Tumemlaza usingizi, tyubu imeingia vizuri, oksijeni tupu, usaha umetoka, pafu limepanuka mbele ya macho yetu. Namba 88. Nikapita stesheni zote. Mtungi upo. Ambu, hakuna badiliko. Tyubu ipo, kifua kinapanda pande zote mbili, mapigo mazuri, presha nzuri. Nilihamisha kibanio sikioni, 88. Namba iliyoganda hivyo, isiyopanda kwa oksijeni wala kushuka, inashangaza kuliko inayoanguka.

Ndipo daktari akaniuliza, "Mzee, damu ya mgonjwa wako hii vipi? Mbona kama juisi ya ukwaju?"

Njia ilikuwa nzima, na treni ilikuwa inapita. Ubovu ulikuwa kwenye mabehewa. Hemoglobini inaweza kugeuzwa chuma chake na dawa fulani ikawa methemoglobini, ambayo haibebi oksijeni, na inaifanya iliyobaki ing'ang'anie mzigo bila kuushusha. Kibanio kinaisoma vibaya: kadiri inavyoongezeka, namba inavutwa kuelekea 85 na kukaa hapo. Dawa zinazojulikana kwa hilo ni dapsoni, primakuini, na baadhi ya dawa za ganzi kama prilokeini na benzokeini, ile inayopuliziwa kooni kabla ya kuchungulia njia ya hewa.

Hatukuwa na mashine ya kuipima. Nilifanya kipimo cha masikini: tone la damu yake kwenye gozi nyeupe, kando yake tone la damu ya mshipa wangu mwenyewe, kisha nikayapepea oksijeni. La kwangu lilikuwa jeusi likageuka jekundu. La kwake likabaki kahawia. Dada wa wodini akatumwa kwenye faili, akarudi nalo limefunguka: mzee yuko kwenye dawa za ukoma, na dapsoni imo. Na kwenye chati ya siku mbili kabla, kwa hewa ya kawaida, kuna mtu aliandika 90, na pembeni yake, "kipimo kibovu."

Tiba ni kuacha dawa inayosababisha, oksijeni, na kwa aliyezidiwa, methilini bluu ya sindano, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo, taratibu kwa dakika 5 mshipani. Zingatia matatu. Ile ya maabara ya kupakia rangi vioo haiingii kwenye mshipa wa mtu. Aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na kwenye nchi za malaria wapo wengi, inaweza kumpasua seli za damu, kwa hiyo uliza kama amewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa. Na ukishaichoma, namba itaanguka vibaya kwa muda mfupi kwa sababu rangi yenyewe inakidanganya kibanio. Hapo nakuruhusu usiiamini. Mzee wetu hakuihitaji. Alikuwa na nguvu, tulimaliza haraka, tukamwamsha na oksijeni, mratibu wa ukoma akambadilishia dawa, na namba ikapanda yenyewe kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Kidole nacho tukimalize. Mkono wa baridi, kamba ya presha kwenye mkono huo huo, piko, mwanga mkali wa taa. Na kinyume chake, namba nzuri ya uongo: aliyelala na jiko la mkaa chumba kimefungwa atakuonyesha 99 huku hemoglobini yake imejaa moshi, kwa kuwa kibanio cha kawaida hakitofautishi. Watu wenye ngozi nyeusi kama sisi, kinaweza kutusomea juu kidogo kuliko hali halisi, basi 92 yako ichukulie kwa uzito.

Baada ya kazi, andika kwenye faili saa namba iliposhuka, ilifika ngapi, uligusa nini na kwa mpangilio gani, na nini kiliipandisha. Mgonjwa kama yule mzee apewe karatasi yenye jina la dawa iliyomdhuru, asomewe, na mwanawe asomewe pia. Ya kwake niliiandika kwa kalamu nene, "DAPSONI", akaikunja mara nne na kuitia kwenye kikopo alichohifadhia tumbaku.